Uzi: Ukumbi wa gofu ya ndani, kuanzia kupima chumba hadi mteja wa kwanza

#1 Mpimaji wa Msasani

Wakuu, salaam. Maswali ya gofu ya ndani (unapiga mpira halisi kwenye kitambaa, mashine inausoma na projekta inaonyesha unakokwenda) yamezidi humu, na karibu yote yanaanza na "ninunue mashine gani?" Hapo ndipo fedha inapopotelea. Mashine ni ya mwisho. Chumba kinaamua mashine, mashine inaamua mpira ukae wapi, mpira unaamua projekta. Ukienda kinyumenyume utabaki na kifaa cha mamilioni ndani ya boksi lake na chumba kisichokikubali.

Kwanza tuelewane mteja ni nani. Korea Kusini, ambako mchezo huu wa kwenye skrini umeshika kuliko kwingine, Golfzon ilianzishwa Daejeon mwaka 2000. Kule ardhi ni ghali, uwanja wa nje unakamua mfuko na baridi inafunga watu ndani. Kwetu baridi haipo, tatizo ni jua. Tuko karibu na ikweta, mwaka mzima giza linaingia kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni. Mtu anatoka ofisini saa kumi na moja, foleni inamla, akifika viwanja vya gofu vya Gymkhana au Lugalo hana mwanga wa mashimo hata matatu. Ongeza masika na vuli. Huyo mwenye jioni isiyo na uwanja ndiye mteja wako, kwa hiyo jenga karibu na anakofanya kazi.

Sasa vipimo.

Kimo: mita 2.75 ni ya kubana. Mita 3.05 inatosha watu wengi. Ukipata 3.2 na zaidi, chukua. Lakini kimo kinapimwa kutoka juu ya mkeka wa kupigia hadi kitu kinachoning'inia chini kuliko vyote: boriti, taa, pangaboi, kiyoyozi. Watu wanapima sakafu hadi dari, wanasahau kwamba mbao za chini, plaiwudi ya milimita 18 na mkeka vinakula sentimita 10 kirahisi. Chumba cha 3.0 kimekuwa 2.9 kabla hujafunga taa hata moja.

Upana: mita 4.6 ili mpira ukae katikati na wapigaji wa mkono wa kulia na wa kushoto wapokezane bila kuhamisha kitu. Kwa mita 4 inabidi usogeze mpira pembeni, na hapo wa kushoto umeshawafungia mlango.

Kina: sentimita 40 nyuma ya kitambaa, mita 3 kutoka kitambaa hadi kwenye mpira, mita 2.1 nyuma ya mpira. Hiyo ni mita 5.5 ya kupiga tu. Viti na meza, ongeza mita 2.

Jaribio lenyewe: tafuta mchezaji mrefu, mwenye futi 6 na kitu, aje na draiva yake, ile fimbo ndefu kuliko zote. Draiva nyingi ni inchi 45 na nusu, kanuni zinaruhusu hadi 48. Asimame juu ya mbao zenye unene ule ule wa sakafu yako ya baadaye, azungushe taratibu kwanza, kisha kwa kasi yake. Usiangalie tu kama fimbo inagusa dari, mwangalie mabega. Mwili ukihisi dari iko karibu unajikunja wenyewe na mkwaju unafupika. Mchezaji huyo hatalalamika wala kukuambia sababu, ila hutamwona tena.

#2 Binti wa Ilala

Asante mkuu, somo zuri. Swali la haraka: kuna fremu ya biashara ghorofa ya kwanza, dari ya jipsamu iko mita 2.8, upana 9, kina 8. Mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka mzima mbele. Inafaa vyumba viwili?

#3 Mpimaji wa Msasani

Dada, usisaini kwanza. Upana wa 9 unagawanyika 4.5 mara mbili ukitumia pazia la wavu katikati badala ya ukuta, hapo huna shida. Kimo ndicho cha kuulizia. Mwombe mwenye nyumba uinue ubao mmoja wa jipsamu upige tochi. Mara nyingi kati ya jipsamu na slabu kuna sentimita 15 hadi 30, na huko juu zinapita nyaya tu ambazo zinaweza kubanwa juu zaidi. Pima hadi kwenye boriti, slabu yenyewe itakudanganya.

Pili, ghorofa ya kwanza ina jirani wa chini. Fimbo ya chuma ikipiga mkeka, kishindo kinashuka kwenye zege. Kama chini kuna zahanati au ofisi ya mawakili, hamtaelewana. Kama ni duka la vifaa vya ujenzi, endelea.

Tatu, mkataba useme kwa maandishi kwamba unaruhusiwa kutoa dari, kutoboa slabu kwa boliti na kuchomelea ndani, na kwamba ukiondoka fremu ya chuma ni mali yako. Maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga, sasa yapime kabla hujavua.

#4 Chomelea

Niongeze ya kwangu, fremu na kitambaa.

Mpira una gramu 45.93 kwa kiwango cha juu, ni mdogo, lakini ukipigwa vizuri unafika kwenye kitambaa ukiwa na kasi ya zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Kila kigumu unachokiacha wazi mbele yake kitaurudisha.

Kwa boksi la chuma linaloshika kitambaa, lenye upana wa mita 4.4, kimo 2.9 na kina 1.5, tumia skwea paipu ya milimita 40 kwa 40, unene 2, za mita 6. Hesabu ya kukata: vipande vitatu vya 4.4 vinatoka kwenye bomba tatu na vinabakiza 1.6, ambapo unakata 1.5 moja moja. Nguzo nne za 2.9 zinatoka kwenye bomba mbili. Bomba la sita linatoa 1.5 ya nne na vipande vidogo. Bomba 6, basi. Kwa Dar, Tanga au Mombasa chukua za kuzamishwa kwenye zinki, na paka rangi ya kuzuia kutu kila ulipochomelea, maana joto la kuchomelea linaondoa zinki na chumvi ya hewani inaanzia hapo hapo.

Bomba la chini ndilo linaloumiza watu. Usiliweke mstari mmoja na kitambaa. Lirudishe nyuma sentimita 30 kwa vipande viwili vya lile bomba la sita, kisha livike sponji nene. Mkwaju wa chini ukikuta chuma unarudi kwenye magoti ya mpigaji kabla hajamaliza kuzungusha. Nguzo za mbele nazo zivae sponji ya sentimita 5, na pembeni pamoja na juu weka wavu au turubai laini kwa kina chote cha 1.5. Anayeanza kujifunza atagonga mpira kwa shingo ya fimbo na utachomoka kando kama risasi, tena mara nyingi, kwa hiyo ukuta wa pembeni ujengee kana kwamba nao ni skrini.

Kitambaa kiwe cha poliesta ya tabaka nyingi iliyotengenezwa kwa kazi hii. Turubai la lori linatoa mlio wa bunduki, picha inafifia na mpira unarudi. Agiza chenye matundu ya chuma pande zote nne. Mzunguko wake ni mita 14.6, ukifunga raba kila sentimita 30 unahitaji kama 49, agiza 60 kwa sababu raba hukatika. Juu na pembeni kaza kiasi cha kuondoa makunyanzi tu, chini legeza. Kitambaa kikivutwa kama ngoma kinacheza kama ngoma. Nyuma yake ning'iniza pazia zito sentimita 10 kabla ya ukuta, linakula sauti na linaokoa plasta.

Kinachochakaa mapema huwa ni eneo moja la ukubwa wa sinia, kati na chini kidogo, ambako mikwaju ya fimbo za chuma inatua. Ndiyo maana ya matundu pande zote: baada ya miezi kadhaa geuza kitambaa juu chini, unapata eneo jipya. Na mipira iwe ya ukumbi, inayofutwa kila siku. Mpira uliochubuliwa na fimbo una nywele ngumu zinazokata nyuzi kama msasa.

#5 Kocha wa Ngong Road

Hamjambo. Upande wa vifaa vya kusoma mpira, kuna aina mbili na kila moja ina chumba chake.

Rada, kama FlightScope Mevo+ au Garmin R10, inakaa nyuma ya mpigaji na kuufuata mpira ukienda. Inataka nafasi: karibu mita 2.4 nyuma ya mpira na nyingine kama hizo mbele yake kabla ya kitambaa. Ikikosa mwendo wa kutosha inakisia mzunguko wa mpira, na mzunguko ukikosewa umbali na mkunjo vyote vinakosewa. Mevo+ ndani ya nyumba inasoma vizuri zaidi ukibandika kidoti cha chuma kwenye mpira.

Kamera zinapiga picha pale pale fimbo inapogonga mpira. GCQuad inakaa kando ya mpira, Uneekor EYE XO inafungwa juu darini mbele kidogo ya mpira. Hizi hazihitaji kina kirefu, na ya darini haiwezi kugongwa na fimbo wala kuhamishwa kila anapoingia mpiga kushoto. Kwa biashara ya kukodisha kwa saa, mimi ningeweka ya darini. Adui yake ni mwanga: jua linaloingia dirishani hadi kwenye mkeka, au balbu za halojeni, vinaivuruga. Funika dirisha kabisa, tumia LED, na usiielekeze juu ya mpira.

Pangaboi litolewe kwa vyovyote. Linashusha kimo, na kama una rada inaona mapanga yanayozunguka na kuyasoma kama kitu kinachotembea.

Sasa jambo ambalo limeharibia kumbi jina bila wenyewe kujua: mwinuko. Programu nyingi zinakuja zikiwa zimewekwa usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,800, hewa ni nyepesi, mpira unaenda mbali zaidi kwa asilimia 6 au 7 hivi. Mchezaji wa Karen au Muthaiga anayejua fimbo yake namba 7 inafika mita 150 ataona skrini inamwambia 140. Ataondoka akisema mashine yenu ni ya uongo, kumbe inasema kweli ya mji mwingine. Weka mwinuko wa mji wako kwenye mipangilio. Arusha ni kama mita 1,400, Dar acha sifuri. Kisha bandika karatasi ukutani: "Umbali unaouona hapa ni wa mwinuko wa mita ...", ujaze namba ya mji wako.

#6 Rada Tu

Mwalimu, kwa heshima, naona umeipendelea kamera. Rada ina kitu kamera haina: unaibeba. Asubuhi kocha anaenda nayo uwanjani na wanafunzi, jioni inarudi ukumbini. Kwa anayeanza na chumba kimoja na mtaji mdogo, kifaa kimoja kinachoingiza hela sehemu mbili si kitu cha kudharau.

#7 Kocha wa Ngong Road

Kweli kabisa ndugu yangu, hilo sikuliweka. Kama chumba kina kina cha mita 6.5 au zaidi na mwenye ukumbi ni kocha, rada inajilipa haraka. Tahadhari moja: kila inaporudi ipangwe upya kwa laini ya leza hadi katikati ya skrini. Ikikaa pembeni nyuzi 2 tu, kila mkwaju ulionyooka utaonekana umeenda kando, na mwanafunzi ataanza kurekebisha kosa ambalo hana.

#8 Umeme Safi

Projekta na umeme, kwa kifupi.

Projekta inapimwa kwa uwiano wa umbali. Zidisha upana wa picha kwa uwiano. Picha ya mita 4 na projekta ya 0.8 inataka kukaa mita 3.2 kutoka kitambaani, yaani juu ya kichwa cha mpigaji: kivuli, na fimbo inaigonga. Ya 0.5 inakaa mita 2, mbele ya mpigaji, ndani ya kijumba cha chuma. Chukua ya lumeni 4,000 kwenda juu, ya leza. Leza ya saa 20,000 kwa saa 10 kila siku ni zaidi ya miaka 5. Taa ya kawaida ya saa 4,000 ni mwaka na mwezi hivi. Picha ikikaa upande usiinyooshe kwa kitufe cha kusahihisha pembe, unapoteza pikseli. Sogeza projekta yenyewe.

Mzigo wa chumba kimoja: kompyuta yenye kadi nzuri ya picha wati 500, projekta 400, kifaa na taa 250, kiyoyozi cha BTU 18,000 karibu wati 1,700. Kiyoyozi kiwe na laini yake na swichi yake kwenye bodi. Ukikichanganya na kompyuta, kila kompresa inapowaka volti inayumba na programu inaganda mtu akiwa shimo la 17.

UPS ya kVA 2 kwa kompyuta, projekta na kifaa tu, itakupa dakika za kutosha kuwasha jenereta. Usimwamini mtu anayekwambia umeme wa eneo lenu haukatiki. TGL, ligi ya gofu ya ndani ya Tiger Woods na Rory McIlroy, Florida, ilitakiwa kuanza Januari 2024. Novemba 2023 umeme ulikatika, paa la hewa la ukumbi wao likaanguka, ligi ikasogezwa hadi Januari 2025. Kama wao, sembuse sisi wa LUKU. Na ethi ipimwe kwa kifaa na fundi aliyesajiliwa, kabla hujaunganisha chochote cha bei.

Intaneti: programu nyingi huhakiki leseni mtandaoni, weka laini ya simu ya akiba. Na leseni ya nyumbani si leseni ya biashara. Soma masharti kabla ya kufungua mlango.

#9 Hesabu Kwanza

Wengi wanapiga hesabu ya saa 14 kwa siku 30. Hiyo ni ndoto. Saa zenye nguvu ni Jumatatu hadi Ijumaa kuanzia saa 11 jioni hadi saa 4 usiku, na Jumamosi na Jumapili saa 10 kila siku. Ni saa 45 kwa wiki kwa chumba, 90 kwa vyumba viwili, kama 390 kwa mwezi. Jihesabie nusu: 195. Tuseme kodi, mishahara, umeme, leseni na akiba ya vipuri ni shilingi 7,800,000 kwa mwezi. Gawanya kwa 195, saa moja haiwezi kuuzwa chini ya 40,000 bila hasara. Weka namba zako halisi kwenye hesabu hiyo hiyo kabla ya kuchapa bango la bei.

Uza saa ya chumba, usiuze kichwa. Mtu mmoja anamaliza mashimo 18 kwa saa moja hivi, wanne wanachukua saa tatu na nusu hadi nne. Acha dakika 10 kati ya wateja za kufuta mipira na kukagua raba. Malipo ya nusu mbele kwa Lipa Namba, la sivyo Ijumaa chumba kitakaa kitupu kikimngoja mtu aliyebadili mawazo.

Kwa Tanzania kumbuka zuio la asilimia 10 kwenye kodi ya pango, ni wewe mpangaji unayelikata na kulipeleka TRA. Risiti za EFD. VAT 18 kwenye mizigo inayoingia, Kenya 16, pamoja na ushuru wa forodha. Wakala wa forodha akupe makadirio kwa maandishi kabla hujalipa muuzaji wa nje.

#10 Binti wa Ilala

Nimesoma yote, asanteni sana. La mwisho si la vipimo. Mnashauri mtu aache ajira kwa ajili ya hii?

#11 Hesabu Kwanza

Dada, angalia tena zile saa 45. Ni saa ambazo watoto wanakula chakula cha usiku, ambazo kuna harusi, misiba, jumuiya na mikutano ya ukoo. Biashara hii inakula wakati wa mapumziko ya wengine, na wako ndio unaotangulia. Kwa hiyo swali la ajira lina jibu la pembeni: mtu wa kwanza kumwajiri ni msimamizi wa jioni, na mshahara wake uwe ndani ya zile 7,800,000 tangu mwezi wa kwanza. Kama hesabu inakubali tu pale unaposimama mwenyewe kila usiku bila kujilipa, basi haijakubali. Ipeleke kwa mumeo au mama yako, hao wanaokusubiri mezani, waione kabla ya benki.

Funga Jumatatu hadi saa 8 mchana. Nusu siku hiyo ni ya kukaza boliti, kugeuza mkeka, kupanga kifaa upya. Na kulala.

#12 Kocha wa Ngong Road

Niseme neno kuhusu wanaoanza, maana ndio wengi. Skrini inamwonyesha mtu kila kitu: kasi, pembe, umbali. Mwanamume mzima, bosi kazini kwake, anaona mita 60 zimeandikwa kwa herufi kubwa mbele ya vijana wake. Wengine hawarudi kwa aibu hiyo tu. Mpange msimamizi azime namba kwa mgeni, aache picha ya mpira unaoruka. Kusukumia mpira shimoni ndiko kugumu zaidi kwenye skrini, kwa hiyo weka programu ihesabu mpira umeingia ukiwa ndani ya mita 2.4. Namba atazitaka mwenyewe wiki ya tatu.

Na mkeka. Mkeka mgumu juu ya zege unaumiza viwiko na vifundo vya mikono, maumivu yanakuja baada ya wiki. Weka ukanda wa kupigia wenye sponji chini, ulingane kimo sawasawa na anaposimama mchezaji. Ukibonyea katikati, ubadilishe siku hiyo hiyo.

Mstari mwekundu sakafuni, mita 2.5 kutoka kwenye mpira. Mmoja tu ndani yake. Watoto hawavuki hata wakiwa na mzazi.

#13 Binti wa Ilala

Wakuu, ubao umeinuliwa leo. Slabu mita 3.12, lakini boriti inapita katikati ya chumba kwa mita 2.86. Chini ni duka la mabomba na rangi.

#14 Mpimaji wa Msasani

Boriti inapita mwelekeo gani? Kama inafuata upana na unaweza kupanga kitambaa ili boriti iwe mita 1 hadi 1.5 kutoka kitambaani, iko mbele ya mpigaji, fimbo haifiki pale, na projekta unaifunga pembeni yake. Hapo mpigaji anasimama chini ya 3.12, toa 10 ya sakafu, unabaki na 3.02. Inafaa. Kama inafuata kina na inapita juu ya mpira, acha, hakuna fundi wa kuihamisha. Rudi na draiva na yule mtu mrefu kabla ya Ijumaa.